Gitaa la besi lililotumika: nikague nini kabla ya kulipa?

MwanafunziBesi
Habari zenu wakuu. Ndiyo naanza kujifunza besi na natafuta gitaa la kwanza. Nimepata mawili yaliyotumika. Moja ni la nyuzi nne, pikapu mbili (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), halina betri. Jingine lina nyuzi tano na linatumia betri. Lile la nyuzi nne nyuzi zimekaa juu sana, na kitufe kimoja cha sauti kinakwaruza ukikizungusha. Muuzaji anasema hayo ni madogo, fundi atayamaliza. Ni kweli? Nimeruhusiwa kulijaribu kwa nusu saa.

FundiShingo
Kitufe kisikusumbue, mkuu. Ni vumbi tu, dawa ya kusafishia vifaa vya umeme huliondoa, na ikishindikana kitufe kinabadilishwa kwa kulehemu nyaya chache. Nyuzi kukaa juu ndiko kwa kuchunguza, maana chanzo kinaweza kuwa shingo, na shingo mbovu haina matengenezo ya bei nafuu.

Kwanza nyuzi zikazwe hadi sauti sahihi: E, A, D, G, kutoka uzi mnene hadi mwembamba. Zikiwa zimelegea, shingo haibebi mzigo wake na utakachokiona si hali halisi. Sasa tazama kutoka kichwani kuelekea darajani (pale nyuzi zinapoishia mwilini), ukifuata kingo zote mbili za ubao wa freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Ukingo mmoja ukipanda huku mwingine ukishuka, shingo imejisokota. Achana nalo.

Kisha bonyeza uzi wa E kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa wakati mmoja, uangalie nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Milimita 0.3 hivi ni sawa. Ikifika milimita 1, shingo imevutwa mbele na nyuzi, na hiyo hurekebishwa kwa trasi rodi, ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo. Mwombe muuzaji aikaze robo mzunguko mbele yako, asizidishe. Nati ya rodi ikizunguka bure, au tundu lake la alenki (ufunguo wa pembe sita) limelika, au rodi imeshakazwa hadi mwisho na shingo bado imeinama, usinunue. Rodi ikikatikia ndani, kuitoa kunaweza kugharimu kuliko gitaa lenyewe.

NyuziNne
Naongezea upande wa sauti. Bila amplifaya, piga kila uzi kwenye kila freti, usiruke hata moja. Freti ya 5 ikitoa mlio wa kugonga na ya 6 iko safi, basi ya 6 imenyanyuka au ya 5 imelika. Freti moja au mbili zinasawazishika. Mifereji mirefu chini ya nyuzi kwenye freti nyingi za mwanzo ni kazi ya kubadilisha freti, na kazi hiyo ni ghali. Uzi wa G ukififia mapema mahali fulani kati ya freti ya 5 na ya 7 usiogope, hata magitaa mazuri yana doa hilo.

Halafu chomeka waya, utikise plagi taratibu. Sauti ikikatika, mara nyingi ni nati ya jeki (tundu la kuchomekea waya) iliyolegea au lehemu iliyoachia. Zote ni kazi ya dakika chache. Gusa daraja kwa kiganja: mvumo ukipungua, ni kawaida. Mvumo mkubwa usiobadilika hata ukigusa unaashiria waya wa athi unaopita chini ya daraja umekatika. Nao hulehemiwa.

MwanafunziBesi
Asanteni sana. Na lile la nyuzi tano? Mikono yangu ni midogo.

NyuziNne
Chukua la nyuzi nne. Uzi wa tano, B, unapanua shingo na kukuongezea uzi wa kunyamazisha kabla mkono haujazoea. Pima pia kutoka kidaraja cha juu, kile kilicho karibu na kichwa, hadi daraja la chini: kipimo cha kawaida ni inchi 34, fupi ni 30, na kwa vidole vifupi tofauti hiyo huonekana kwenye freti nne za kwanza. Ukiamua kulijaribu lile la betri, nenda na betri mpya ya volti 9. Iliyochoka hufanya sauti ipasuke, ukadhani pikapu zimekufa. Fungua kasha lake uone kama kuna kutu. Na ukilinunua, chomoa waya kila ukimaliza kupiga, kwa sababu plagi ndiyo inayowasha umeme wa ndani.

FundiShingo
Shingo ikinyooka, pima nafasi kati ya nyuzi na freti ya 12: kama milimita 2.5 kwa E na 2 kwa G. Zikiwa bado juu, tazama vipande vya daraja vinavyobeba nyuzi. Vikiwa na nafasi ya kushuka, na skrubu zake hazijagandwa na kutu, lipia. Vikiwa vimeshalala chini kabisa, tatizo ni pembe ya shingo inapoungana na mwili. Kama imefungwa kwa skrubu, fundi huifungua na kuweka kabari nyembamba, kwa hiyo dai punguzo la bei. Kama imegundishwa kwa gundi, mrudishie muuzaji gitaa lake.