Mrejesho: Filamu fupi ya Sultani Darai

Habari wakuu. Niliuliza hapa kama naweza kutengeneza filamu ya hadithi ya Sultani Darai, ngano ya maskini aliyetajirishwa na paa (swala mdogo) kisha akamtelekeza, bila kumlipa mtu. Mkaniuliza: umeshika nakala ipi? Swali hilo liliniokoa. Nilikuwa na kitabu cha watoto kilichoandikwa upya juzijuzi, na maneno na michoro yake ina mwenyewe. Nikakiweka kando, nikarudi kwa mmisionari Mwingereza Edward Steere, aliyezikusanya ngano hizi Zanzibar na kuzichapa London mwaka 1870. Alifariki 1882, na sheria ya Tanzania inalinda kazi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo ulinzi wa kitabu chake ulishakwisha.

Jumba la kifalme hatukuliweza, tukabaki na jaa, kisima na uji. Yule paa haonekani, anasikika tu. Bibi mzee anapompelekea paa mgonjwa ule uji wa mtama mwekundu ulioagizwa na yule maskini aliyetajirika, mkono wa mwigizaji ulitetemeka mpaka kijiko kikagonga bakuli. Hatukumwelekeza. Nimeuacha mlio huo kama ulivyo.

Sasa nahariri. Taarabu niliyoipenda ni rekodi yenye wenyewe, kwa hiyo namtafuta mpiga udi anirekodie upya. Asanteni sana.