Ushauri: Dada yangu kanaswa na kausha damu, familia inasema ni uzembe wake

Kaka wa Mbagala:
Wakuu habari za jioni. Dada yangu anakaanga samaki Rangi Tatu, mzigo anafuata soko la samaki la Feri alfajiri. Mwezi wa tatu mwanawe wa miaka mitatu alilazwa, mtaji ukaishia hospitali. Akakopa 300,000 kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Rejesho ni 15,000 kila siku kwa siku 30, na ukichelewa siku moja unapigwa faini 5,000. Hela ya fomu wakaikata juu kwa juu, akapewa mkononi 285,000.

Biashara ikichangamka faida yake ni kama 20,000. Mvua zikaanza, wateja wakapungua, akakopa pengine ili alipe kwa kwanza. Juzi wamekuja na bodaboda wakabeba mtungi wa gesi na televisheni. Kwenye kikao cha ukoo wajomba wamesema hana nidhamu ya pesa, ajitoe mwenyewe. Mimi roho inakataa. Nimsaidieje?

Mzee Kitunda:
Pole kijana. Lakini wajomba zako msiwabeze. Hakuna aliyemshika mkono asaini. Nina maduka mawili hapa mtaani, nawaona kina mama wanakopa ili wachange kicheni pati na sare za harusi, kisha wanamlaumu mkopeshaji. Kukopa ulipe deni jingine ni kujichimbia shimo, na hilo mtu mzima analijua. Mkimlipia leo, mwakani atawarudia.

Binti Rufiji:
Mzee wangu shikamoo, kwa heshima zote, huyu hakukopea sare. Piga hesabu: 15,000 mara 30 ni 450,000. Riba 150,000 kwa mwezi mmoja! Chini ya kanuni za Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ukomo wa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 hiyo ni 10,500. Mama ntilie gani ana biashara inayozalisha nusu ya mtaji kila mwezi, ale, alipe kodi, na bado abaki na kitu? Nidhamu hailipi riba ya namna hiyo hata uwe mchumi kiasi gani.

Na tujiulize kwa nini mtaji uliishia hospitali. Toto Afya Kadi, bima ya afya ya watoto, ilikuwa 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ikasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, ikataka waandikishwe kupitia shule. Mtoto wa miaka mitatu angesoma wapi?

Mkusanya Marejesho:
Nimefanya hii kazi, kwa hiyo nakwambia ya ndani. Tunapewa lengo la siku, usipofikisha unakatwa wewe. Tunawapenda wanawake wenye biashara ndogo kwa sababu wanaogopa aibu mtaani, watalipa hata wasipokula.

Kaka, fanya hivi. Kwanza asikope tena popote, hata kwa simu. Chukua mkataba na kile kijitabu cha marejesho, jumlisha alicholipa hadi leo. Mara nyingi utakuta mkopo wenyewe ulishaisha, kinachodaiwa ni riba na faini. Kisha angalia kama jina la kampuni limo kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu (BoT). Kama halimo, peleka malalamiko BoT kwa maandishi. Vitu vilivyobebwa, ripoti serikali ya mtaa na polisi leo hii, usingoje. Mwenyekiti wa mtaa awepo mnapokaa na mkopeshaji kupanga upya.

Kaka wa Mbagala:
Asanteni sana. Nimejumlisha kijitabu cha kwanza: ameshalipa 345,000. Mkataba hawajampa nakala, yeye kasaini tu.

Mkusanya Marejesho:
Basi ameshavuka alichopokea. Adai nakala, na hilo la kunyimwa liandike kwenye malalamiko.

Mzee Kitunda:
Marahaba binti. Kwenye riba nimeelewa, huo ni unyang'anyi. Lakini bado nasema awe na akiba ya pembeni isiyoguswa, hata 1,000 kwa siku. Mtoto ataugua tena.

Binti Rufiji:
Hapo tuko pamoja mzee. Kaka, akitulia aende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata aulizie ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Fungu la wanawake ni asilimia 4, halina riba, ila lazima awe kwenye kikundi kilichosajiliwa. Wauza samaki wenzake pale Rangi Tatu aanze nao.