Mjadala: Riwaya za njozi na safari za hatari ziwekwe katika maktaba za shule zetu Tanga, au zizuiwe?

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote mnaoshiriki mjadala huu.

Swali lililo mbele yetu ni kama maktaba za shule hapa Tanga ziwawekee watoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili riwaya zenye majini, wachawi, wanyama wanaosema na nchi zisizokuwapo duniani, pamoja na zile za safari za hatari. Waliotangulia kuchangia wamegawanyika. Mzee wetu mmoja wa Chumbageni amesema vitabu hivyo huwazoeza watoto ushirikina na kuwavuruga imani. Mwalimu mwenzangu amesema havina dhara, lakini havina faida pia, kwa kuwa mtoto anapaswa kusoma kitakachomsaidia katika mtihani. Dada mmoja wa Ngamiani ameuliza kwa nini tunagombania vitabu vya kigeni ilhali vya kwetu vimejaa vumbi. Mimi nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na msimamo wangu nautaja mapema: ziwekwe. Tena naona tunabishana juu ya wingi wa kitu ambacho, kwa lugha yetu na kwa umri huo, karibu hakipo.

Nianze na dada wa Ngamiani, kwa sababu swali lake lina jibu hapa hapa nyumbani. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, mwaka 1909. Mtu huyu tunayemwita baba wa fasihi yetu aliandika njozi tupu bila kuomba radhi. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, nchi nzima inaelea angani, na wajumbe sita wanatumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, kisha kila mmoja akirudi na habari njema anatupwa gerezani. Katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani na jini, na upo mji ambao watu wake wamekuwa mawe. Kiini cha kisa hicho kilitoka katika Alfu Lela Ulela, lakini mtunzi alikipa majina ya kwetu, adabu ya kwetu na lugha ya kwetu, hata leo hakuna mzazi wa Tanga anayekiita cha kigeni. Kwa hiyo njozi haikuletwa juzi na filamu wala na vitabu vya Kiingereza, na kuazima kisa cha mbali si dhambi kwa mwandishi anayejua kukifanya kiwe chake.

Kinachonisikitisha ni namna tunavyovisoma vitabu hivyo. Mwanafunzi anakutana na Kusadikika akiwa tayari amepewa orodha ya dhamira, wahusika na tamathali za semi za kukariri, na hajawahi kuachwa hata jioni moja aelee angani pamoja na wajumbe wale kabla hajaulizwa wanawakilisha nini. Ni kweli kwamba kitabu kinasema mengi kuhusu dhuluma na utawala, na kilisema hayo wakati nchi ikiwa chini ya mkoloni. Hata hivyo, msomaji wa miaka 13 huifikia maana hiyo kwa kupitia safari yenyewe, na akinyimwa safari hubaki na maelezo ya ubaoni tu.

Sasa nije kwa mzee wangu wa Chumbageni. Shikamoo, mzee wangu, na naomba unisikilize kwa subira, kwa maana hoja yako ni nzito kuliko zote. Kuhusu imani, mtoto wa madrasa anazijua habari za majini kutoka katika Qurani yenyewe, ambamo sura ya 72 inaitwa kwa jina lao, na anajua kwamba Nabii Suleiman alikuwa na majeshi ya majini, watu na ndege. Ghaibu si ngeni kwake. Hofu yako, nadhani, ni kwamba riwaya itachanganya yale anayopaswa kuyaamini na yale yaliyotungwa ili kumfurahisha. Lakini watoto waliolelewa kwa ngano za zimwi na sungura wanajua vizuri sana mahali ambapo hadithi inaanza na mahali inapokwisha. Hilo bibi zetu waliwafundisha kwa “paukwa, pakawa” kabla sisi walimu hatujawapokea.

Kuhusu ushirikina, hapo sina haraka ya kukupinga, wala sipendi jibu jepesi linalotolewa na baadhi ya wenzetu kwamba “ni hadithi tu.” Nchi yetu imeona vikongwe wakiuawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Imeona watu wenye ualbino wakiwindwa, hasa kuanzia mwaka 2007, kwa sababu waganga waliwaaminisha watu kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Mwaka 2015 serikali ilifika mahali pa kuwapiga marufuku wapiga ramli. Kwa msomaji wa Ulaya mchawi ni mtu wa kofia ndefu kitabuni, lakini kwetu neno hilo hilo limewahi kumtoa mtu roho. Mwandishi anayewaandikia vijana wa Tanzania hawezi kujifanya hajui hayo, na maktaba haiwezi kuchagua vitabu kana kwamba haya hayakutokea.

Ndiyo maana nasema kipimo kisiwe kuwapo au kutokuwapo kwa uchawi ndani ya kitabu. Tuangalie kitabu kinamweka nani katika nafasi ya adui, na kinamfanya nini mwishowe. Kitabu kinachomchora mchawi kuwa bibi mzee, maskini, mjane, mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake pembezoni mwa kijiji, kisha kikashangilia anapochomwa moto, mimi mwenyewe nitakiondoa rafuni, hata kiwe kimeandikwa na Mswahili mwenye jina kubwa, na hata kiwe hakina neno moja la matusi. Nitauliza pia kama nguvu za ajabu zina gharama, maana kijana anayesoma kwamba dawa ya mganga huleta mali bila jasho anafundishwa uongo ule ule uliowaua ndugu zetu. Mtazameni tena Shaaban Robert: Hasidi na Mwivu walimtendea ndugu yao uovu mkubwa, wakaadhibiwa kwa kugeuzwa manyani, na Adili analia kwa adhabu anayolazimika kuwapa kila usiku. Mwishowe wanasamehewa na kurudishiwa ubinadamu wao. Kijana aliyesoma hayo akayaelewa amejifunza kwamba aliyekosa, hata akionekana mnyama, bado ni ndugu, na funzo hilo linakwenda kinyume kabisa na lile la kundi linalobeba mapanga. Mzee wangu, naona riwaya ya namna hii inakusaidia katika kazi yako kuliko inavyokupinga.

Wapo waliotaja hatua ya Februari 2023, Wizara ya Elimu ilipoviondoa vitabu 16 katika shule kwa kueleza kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili. Serikali ina wajibu wa kulinda watoto, na sina ugomvi na wajibu huo. Ninachotaka tukione ni kwamba orodha ya vilivyokatazwa haijazi rafu. Mtoto aliyenyang’anywa kitabu bila kupewa kingine anahamia kwenye simu, na huko hakuna mzazi, mwalimu wala Kamishna wa Elimu anayemchagulia.

Hoja ya mtihani naipitia kwa ufupi. Mtoto wetu anasoma msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Anahitaji kuwa amezoea kusoma kurasa nyingi mfululizo, na hakuna kinachomzoeza mtoto kufungua ukurasa unaofuata kama hamu ya kujua kama shujaa amevuka mto au amezama. Muhtasari wa maswali na majibu haumpi hamu hiyo.

Tatizo kubwa liko katikati ya umri. Kwa watoto wadogo tunavyo vitabu vya picha, na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991 umefanya kazi ya kuheshimika. Kwa wakubwa zipo riwaya teule. Mtoto wa miaka 11 hadi 14, ambaye vitabu vya picha vimeshamwishia na riwaya za watu wazima hazijamfaa, anasimama mbele ya rafu tupu. Wa shule za mchepuo wa Kiingereza atapata za Uingereza na Marekani. Wa Makorora na Pongwe hatapata kitu. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ni mahali pazuri pa kuziba pengo hilo, iwapo umri huu utapewa mlango wake wenyewe badala ya kuachwa baina ya hadithi za watoto na riwaya za wakubwa.

Wala waandishi wetu wasiseme hawana la kuandika. Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kutoka mjini, na wazee wamesimulia kwa vizazi kwamba njia zake zinafika Mombasa. Uchunguzi wa mwaka 1994 ulikuta kwamba pango refu kuliko yote lina mita 900 hivi, na bado watu wanapeleka sadaka zao ndani kwa mizimu. Baharini kuna silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, kisha akaanza kunaswa katika nyavu za wavuvi wa hapa kwetu miaka ya mwanzo ya 2000, hata ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Kuna magofu ya Tongoni na makaburi yake ya kale, na kuna Kisiwa cha Toten kinachoonekana ukisimama ufukweni. Msichana wa Mwambani anayeingia na mtumbwi wa babu yake mahali ambapo bahari inaficha kiumbe kilichodhaniwa kufa zamani za kale, huyo ni shujaa wa riwaya nzima, na hajaandikwa.

Kwa hiyo nawaomba wanaopinga watujibu jambo moja mahususi, na mzee wangu wa Chumbageni awe wa kwanza kwa haki ya umri wake: tukikubaliana kuviondoa vitabu hivi, mtoto wa miaka 13 anayeingia maktaba Ijumaa mchana na kuomba kitabu cha kusoma mwishoni mwa wiki, kwa Kiswahili, cha kumfurahisha, apewe kipi? Tutajieni majina yake, nami nitakwenda kuvitafuta.