Tupeane uzoefu: uliwahi kufuata mshahara mnono ukaiweka fani yako pembeni?

Wakuu salaam. Mi ni fundi otomesheni kiwandani, PLC (kompyuta ndogo za kuendesha mashine) na draivu za mota (vifaa vya kudhibiti mwendo wa mota) ndo ugali wangu. Sasa kuna kampuni inaniita nikauze vifaa vya sola, wanasema ntakuwa napata laki tano zaidi. Kichwa kinauma. Waliopita huko leteni yaliyowakuta, nadharia sitaki.

Mzee wa Hesabu: Laki tano ya kwenye makaratasi au ya mkononi? Maana kama basic yako (mshahara wa msingi) ishavuka milioni hata ukitoa NSSF ya pensheni, kila laki inayoongezeka NSSF wanakata elfu 10, PAYE (kodi ya mshahara) asilimia 30 ya inayobaki ni elfu 27, na kama Bodi ya Mikopo bado wanakudai ni asilimia 15 ya basic, elfu 15 hiyo. Unabaki na elfu 48. Mi nilihama kwa laki tatu, slip ya kwanza nikahisi wamekosea wakati hesabu ilikuwa sahihi kabisa 😂

fundi_wa_pwani: Mi nilikuwa Qatar kipindi wanajiandaa na kombe la dunia 2022, mkataba unasema fundi umeme ila kazi ni kuvuta kebo tu asubuhi mpaka jioni, paneli unaiona kwa mbali, wanafunga wengine. Hela nilipata jamani nisiwadanganye, bi mkubwa Tanga ana nyumba ya maana. Shida kurudi, naenda intavyuu naambiwa chora star-delta, ile saketi ya kuwashia mota, mkono umeganda, dogo wa VETA level 3 pembeni anachora huku anatafuna bablishi.

Dada Injinia: Mi nilikataa ofa ya mauzo. Nilikuwa kwenye SEAP, mafunzo kazini ya ERB (bodi inayosajili wahandisi), ile miaka mitatu unafanya kazi chini ya injinia aliyesajiliwa, na kazi ya kuuza isingehesabika. Sasa hivi nimesajiliwa, michoro nagonga muhuri mwenyewe. Ila msinipe sifa za bure, kodi ya nyumba alikuwa analipa mume wangu, ningekuwa nalipa mwenyewe sijui ningesema nini hapa.

Chuma Ulete: Mbona mnaongea kama kuuza sola sio ufundi? Mteja anataka pampu ya kisima, wauzaji kibao wanasoma wati za kwenye kibandiko wanampa inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe kama wa nyumbani) ya saizi hiyo hiyo, mota ikianza inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, inverta inazima, mteja anarudi na matusi. Wewe wa draivu hilo unalijua usingizini, utawapita wote. Cha kuuliza ni kimoja tu, hiyo laki tano ni basic au komisheni?

Mleta mada: Nimempigia HR sasa hivi. Basic ni ile ile ninayopata hapa, laki tano ni komisheni ukifikisha tageti. Nikamwambia aniandikie hiyo tageti kwenye barua, kasema nisubiri J3.

Mzee wa Hesabu: Barua ya kuacha kazi usiandike kwanza mkuu.