Eti nilitakiwa kumuuliza daktari wa usingizi kama anapokea bima yangu, NIKIWA MEZANI NAPIGWA NUSUKAPUTI!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, makosa mtanivumilia.

Wale jamaa mnawajua. Wale wa tangazo la familia inayochekacheka kwenye majani utadhani kuumwa ni pikiniki. Miaka 6 wananikata kila mwezi, mshahara haujalala hata usiku mmoja wameshachukua chao. Kuugua kwenyewe sijui, mpaka hii ngiri ilipoamua kunitoka.

Nikafanya kila kitu. Hospitali imo kwenye orodha yao. Mpasuaji yumo. Kibali cha upasuaji nikapewa, na muhuri juu. Leo naenda dirishani kuchukua cheti tu, dada ananisukumia karatasi imebanwa pini: "Hii ya daktari wa usingizi, yeye hayumo kwenye bima yako." Kiasi sitaji, mke wangu anapita humu.

Nawapigia. Muziki nusu saa. Halafu sauti tamuuu: "Mteja wetu mpendwa, ulitakiwa kumuuliza mwenyewe kabla hajakuhudumia."

NIMUULIZE SAA NGAPI? Nimelala chali, gauni liko wazi mgongoni, taa kubwa kama jua inanichoma macho, mtu ana barakoa sijui hata sura yake, ananiambia hesabu mpaka kumi. Nimefika tatu. TATU! Kati ya mbili na tatu ndiyo nichomoe kadi? Niichomoe wapi, gauni lenyewe halina mfuko!

Mpendwa! Mpendwa wa nani?

Kisu Butu: Umeambiwa uhesabu mpaka kumi umeishia tatu, halafu unashangaa hesabu za bima zinakushinda.

Bibi Mpole: Pole mwanangu. Dai bili yenye mchanganuo, kipengele kwa kipengele, kisha waandikie rufaa uambatishe na kile kibali. Usikimbilie kulipa, ukishalipa wamekusahau.

Jicho la Nyuma: Marekani hilo lina sheria tangu Januari 2022. Hospitali ikiwa imo kwenye bima yako, daktari wa usingizi asiyemo hawezi kukuletea bili ya ziada, unachangia kama vile naye yumo. Ila gari la wagonjwa la barabarani sheria haikuligusa. Helikopta ndiyo imo.

Kisu Butu: Kwa hiyo ukiteguka kifundo uite helikopta.

Tairi Kipara: Afadhali yako, mleta mada. Mimi nina bima kubwa ya gari, kioo kimepasuka, naulizwa jiwe lilitoka upande gani. Nilisimamishe nilihoji?

Mleta mada: Bibi, shikamoo, nimeisoma upya ile karatasi. Kuna mstari umeandikwa "ushauri kabla ya usingizi". Ushauri gani?? "Hesabu mpaka kumi" ndiyo ushauri? Na nimetumia tatu tu, zile saba wanirudishie!

Bibi Mpole: Marahaba. Huo mstari uzungushie kalamu nyekundu.

Msoma Haraka: Samahani, nimeingia katikati. Huyo ngiri ulikutana naye wapi? Wana meno wale, una bahati umetoka mzima.

Kisu Butu: 😂😂😂 Ngiri ya kinena wewe!

Msoma Haraka: Sawa, ila ngiri mnyama msimchezee. Anakula kapiga magoti ya mbele kama anaomba radhi, ukimkaribia hasemi samahani.

Tairi Kipara: Na shimoni anaingia kinyumenyume, makalio yanatangulia, meno yanabaki mlangoni.

Mleta mada: Wakuu, bili yangu jamani.

Msoma Haraka: Tulia kwanza mkuu. Kinyumenyume kabisa? Na wale watoto wanaingiaje?