Mlioacha pombe mkiishi peke yenu, tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi: Wakuu, nimeacha pombe hivi karibuni na naishi peke yangu. Ushauri mwingi ninaopewa ni wa wenye familia: mwambie mkeo afiche chupa, kaa karibu na ndugu. Mimi nikifunga mlango ni mimi na ukuta. Kazini niko salama; balaa huanza nikishaoga jioni, usingizi haujaja, na hakuna wa kuninusa mdomo. Saa hizo mlizipitishaje? Mahubiri tuyaache.

Kobe Taratibu: Nilikuwa nanywa kwenye kiti kile kile, kimeelekea televisheni. Nikakigeuza kikaelekea dirishani, na taa nikaihamisha. Utacheka, lakini mkono ulizoea kushuka wenyewe pembeni ya kiti kutafuta chupa. Kilipogeuzwa ukakosa pa kwenda. Hamu ikipanda, mara nyingi ndani ya nusu saa inakuwa imeshuka ukijishughulisha. Nimeosha vyombo visafi mara nyingi tu.

Nesi wa Zamu: Ngojeni kwanza. Aliyekuwa anakunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake ndani. Degedege la arosto huja zaidi ndani ya saa 6 hadi 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Siku ya 2 hadi ya 4 mwingine huchanganyikiwa, anaona visivyokuwepo, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Hilo linaua, na mtu wa peke yake hana wa kumkimbiza hospitali. Anzia kwa daktari. Dawa za kukuvusha salama zipo.

Sibanduki: Mimi nusu ya kiu ilikuwa njaa. Sasa nakula kabla sijafika nyumbani.

Mzee wa Kimya: Mei 1935 Bill Wilson alikuwa peke yake hotelini Akron, Marekani, biashara imekwama, baa inamwita. Akaanza kupiga simu kutafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye, ndipo akakutana na Dk. Bob Smith, na Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaokutana kusaidiana kuacha, ukaanzia hapo. Mikutano mimi sina moyo nayo, ila hiyo simu nimeichukua. Kuna mwenzangu namtumia nukta kila usiku kabla sijalala. Nukta tu, hakuna maneno. Isipofika, anapiga.

Kijiko Kimoja: Tusidharau dawa. Daktari wangu alisita kunipa disulfiramu kwa sababu naishi peke yangu: ukinywa pombe juu yake unaugua vibaya, na inafanya kazi vizuri zaidi akiwepo mtu wa kukusimamia ukimeza. Akaniandikia naltreksoni, ambayo inapunguza ile raha ya kulewa. Kama unatumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kama morfini, mwambie daktari kabla.

Mwanzisha uzi: Nesi, hospitali nilipita, usihofu. Ya nukta naanza leo. Sasa rafiki wa baa mnamfanyaje? Kuna mmoja anapajua kwangu, na Ijumaa hapigi hodi mikono mitupu.

Kobe Taratibu: Mwambie leo mchana, kwa ujumbe, kwamba umeacha. Usingoje awe mlangoni na mzigo wake. Na Ijumaa hii usiwepo.