Naomba ushauri: kano ya gumba la mdogo wangu imekatika

Habari zenu. Mdogo wangu ni wa bodaboda hapa Kisumu. Siku 9 zilizopita aliteleza kwenye matope Kondele akaangukia mkono, gumba la kulia likavutwa kwa nje. Eksirei haikuonyesha mfupa kuvunjika, akapewa dawa za maumivu tu. Mpaka leo limevimba upande wa kidole cha shahada na hawezi kubana hata ufunguo.

Jana daktari mwingine alilisukuma kando, akalilinganisha na la kushoto. Jamani, linalegea kama halina kizuizi! Anasema kano (ligamenti, ile inayoshikilia mifupa kwenye kiungo cha gumba) imekatika kabisa, na huenda ncha yake imerukia juu ya utando wa msuli. Ikiwa hivyo, haiwezi kujishika tena kwenye mfupa bila upasuaji. Anataka aishone kabla ya wiki 3 kuisha, halafu plasta wiki 4 hadi 6.

Mliopitia haya, mlipigwa ultrasaundi au MRI kwanza? Nguvu ya kubana ilirudi? Na SHA (bima ya afya ya serikali) ililipa, au mlitoa mfukoni? Mkono huo ndio unaolisha watoto wake watatu, na siku zinakwisha.